Kikohozi cha Adabu

Siku hizi watu wa Kihonda wakiukumbuka ule mwaka wa korona wanacheka. Hata kwenye misa ya kumwombea marehemu Castory, mwaka wa tatu tangu azikwe, walicheka. Walikuwa wameketi mkekani uani baada ya chakula, na Mzee Kasimiri, balozi wao wa nyumba kumi, alipoanza na "mnakumbuka siku lile gari jeupe lilipokuja hapa," watu wakashika mbavu kabla hajafika popote. Castory hakufa kwa ugonjwa ule. Alikufa kwa ajali ya pikipiki Turiani, alikokwenda kumwona baba yake, wakati ambapo hakuna tena aliyevaa barakoa. Ndiyo maana watu waliweza kucheka.

Mama mkwe wake, Anastasia, alikaa pembeni karibu na masufuria, amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Naye alicheka kidogo wenzake walipocheka. Kasimiri alikuwa hodari wa kuhadithia, hakuna wa kumnyang'anya hilo, ila alihadithia yale yaliyoonekana barabarani. Ya ndani hakuyajua, wala Anastasia hakuwa mtu wa kumdakia mwenzake maneno mbele za watu.

Yeye aliteremka kutoka Mgeta mwezi wa tatu wa mwaka ule, na kikapu cha njegere na viazi, na nguo za kumtosha majuma machache. Rahel, binti yake wa mwisho, alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mzazi wa upasuaji hainui ndoo wala hainami kufua. Hiyo ni kazi ya mama. Anastasia alikuwa amekwisha kuifanya kwa mabinti zake wakubwa, na hakuona ugumu wowote, kwa sababu wakwe wale walikuwa watu wa kuondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mkwe wa namna hiyo hakusumbui. Unasikia baiskeli yake tu.

Kwao mlimani, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na mambo ya mwili, kama kuoga na kujisaidia, mkwe hatakiwi hata kujua kwamba mama mkwe wake anayo. Si chuki. Ni heshima, tena ile nzito kuliko zote. Vijana wengi wa mjini wameiacha. Wapo wanaopiga picha wamemkumbatia mama mkwe kama rafiki yao wa shule. Castory hakuwa wa hao. Alizaliwa Turiani, mtoto wa mkata miwa, lakini mama yake alikuwa Mluguru wa Matombo na alimlea kwa desturi za kwao. Tangu amwoe Rahel, Anastasia alimjua kwa kisogo na kwa viatu.

Mambo yangekwenda vizuri kama kazi zingeendelea. Castory alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha katika karakana kando ya barabara ya Dodoma. Shule zilipofungwa na redio zikaanza kusema mambo ya kutisha, mwenye karakana, ambaye alikuwa na pumu, alipiga kufuli akarudi kwao. Castory akaja nyumbani na begi lake la zana, akaliweka nyuma ya mlango, akakaa kwenye kochi. Kesho yake akakaa tena. Na kesho kutwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa haijaisha. Ilikuwa na sebule mbele na vyumba viwili nyuma, na mlango wa nje ulikuwa mmoja tu, wa sebuleni. Choo kilikuwa uani, nyuma kabisa ya ukuta wa chumba alicholala Anastasia. Upepo ukivuma aliusikia mlango wa choo ukijigonga. Lakini ili afike huko ilimbidi afungue mlango wa chumba, akatize sebuleni, atoke barazani, aizunguke nyumba nzima. Na sebuleni alikuwa amekaa mkwe.

Siku ya kwanza alijibana mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya pili wakapata njia, bila ya kuambiana neno. Mtu mwenye adabu akikaribia mahali alipo mkwe wake hukohoa kidogo, ili kama kuna wa kujificha ajifiche. Castory akaanza kukohoa. Akikohoa mara moja, maana yake naingia, funga mlango. Akikohoa mara mbili, natoka, sebule iko wazi. Anastasia naye akitaka kutoka aligonga ukingo wa beseni kwa kijiko. Hapo Castory alikohoa mara mbili, akatoka barazani na kusimama uso barabarani, mgongo nyumbani, kama askari wa lindo, mpaka asikie mlango wa ndani umefungwa tena. Rahel, aliyelala na mtoto chumba cha pili, alikuwa akiyasikia yote hayo akicheka huku ameshika mshono.

Siku zikaenda hivyo. Kijiko, kikohozi, kikohozi, mlango, miguu, mlango, kikohozi. Masika yakaingia. Castory akawa anatoka na kusimama kwenye mvua, kwa sababu upenu wa baraza ulikuwa bado haujaezekwa, na mama mkwe si mtu wa kuharakishwa.

Mtaa mzima nao ulikuwa umebadilika. Watu walisalimiana kwa kugonganisha viatu. Kila kibanda cha duka kilikuwa na ndoo ya maji na sabuni ya unga mlangoni, na mtu akinunua kiberiti ananawa akiingia na kunawa akitoka. Mwajuma, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alipata jora la pazia lililobaki kwenye harusi fulani, akashona barakoa za mtaa mzima, hivyo wote wakawa na ua jekundu mdomoni, wazee, watoto, na muuza mkaa. Kisha ikaja nyungu. Mwajuma huyo huyo alileta majani ya mkaratusi, mwarobaini na mchaichai, akachemsha sufuria kubwa uani, akaamuru kila mtu ajifunike blanketi avute mvuke. Castory alianza. Zamu ya Anastasia ilipofika, akakataa kugusa blanketi ambalo mkwe ametoka kujifunika. Hakukuwa na jingine kubwa. Ikabidi wamfunike turubai la kuanikia mpunga. Turubai halipumui. Walimtoa amelegea kama mchicha uliochemka, na Mwajuma akasema dawa imefanya kazi.

Mbele za watu Anastasia alicheka. Lakini akirudi chumbani alikaa kitandani akitazama ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na hewa, na mvungu wa kitanda ambao mwisho wake ulikuwa ukuta huo huo, akafikiria kabichi zake Mgeta zinazopasuka shambani bila wa kuzivuna. Kurudi asingeweza. Rahel alikuwa bado hajanyooka kiuno. Na magari ya mlimani yalikuwa yamepungua, na walioko mlimani walikuwa wametuma salamu kwamba anayetoka mjini asipande kwanza.

Kikohozi kile kilisikika hadi kwa Mzee Kasimiri. Ukuta wake na wao ulitengwa na uchochoro tu. Kasimiri alikuwa ameuchukua ubalozi wake kwa uzito mkubwa tangu ugonjwa uingie. Alitembea na fimbo ndefu ya kupimia watu nafasi dukani. Akawa anamsikia Castory akikohoa asubuhi, akikohoa mchana, akikohoa kabla ya kula na baada ya kula. Tena kwa zile mvua za barazani, kikohozi cha adabu kilikuwa kimeanza kupata makamasi ya kweli. Kasimiri akavumilia, akashindwa. Akapiga ile namba ya kuripoti wagonjwa iliyotangazwa redioni.

Gari jeupe lilifika asubuhi ambayo Rahel alikuwa amempeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Akateremka muuguzi mmoja, Shamimu, amevaa nguo za plastiki mwili mzima, na dereva ambaye hakuteremka. Mtaa ukajaa, kila mtu kwenye kizingiti chake, maua mekundu midomoni. Castory alikuwa barazani. Anastasia alikuwa ndani ya chumba chake, sikio mlangoni.

Shamimu alimwelekezea Castory kile kipimajoto kama bastola, akakitazama, akatikisa kichwa. Akamuuliza anakohoa tangu lini.

"Tangu mama mkwe alipokuja," Castory akajibu.

Watu wakaguna. Kasimiri akasogea nyuma na fimbo yake. Shamimu akauliza huyo mama mkwe yuko wapi, akaambiwa yumo ndani. Akauliza kama naye anakohoa, Castory akasema hajui, kwa kuwa yeye na mama yule hawaonani.

"Mnaishi nyumba moja hamuonani?"

"Hatuonani."

"Sasa wewe kikohozi chako kimetokana na nini, kaka?"

Castory akanyamaza. Anastasia alimsikia akinyamaza. Alijua kwa nini. Kusema angesema vipi? Asimame mbele ya mtaa mzima aseme nakohoa ili mama mkwe wangu aende chooni? Angekuwa amemvua nguo. Afadhali achukuliwe. Na Shamimu akawa anamwambia kwa upole kwamba ambaye hawezi kueleza itabidi waende naye, wakampime, akae mahali palipotengwa mpaka majibu yatoke Dar es Salaam. Castory akauliza kama anaruhusiwa kuchukua sweta.

Anastasia akamfikiria Rahel akirudi kutoka kliniki na mtoto mgongoni na kuambiwa mumewe amechukuliwa kwa sababu ya haya za mama yake. Akajitanda kanga, akavaa barakoa yake ya ua, akafungua mlango, akakatiza sebuleni. Akatoka barazani bila kugonga beseni.

Castory alipomwona akageukia ukuta. Lakini baraza lilikuwa dogo. Kwa nukta moja walitazamana, na alichokiona Anastasia ni macho mawili juu ya ua jekundu, basi. Akaona haya kana kwamba ameona zaidi.

Shamimu akamwamkia shikamoo. Anastasia akaitikia, akasema kijana huyu si mgonjwa, anakohoa kwa ajili yake. Akaeleza. Akikohoa mara moja anaingia.

"Na mara mbili?" Shamimu akauliza.

"Mara mbili anatoka. Ili na mimi niweze..." Akakwama. Mtaa mzima ulikuwa kimya ukimsikiliza. "Niweze kwenda ninakokwenda."

"Chooni," Mwajuma akamsaidia kutoka ng'ambo, na watu wakapasuka. Castory akaegemeza paji la uso kwenye nguzo.

Hata Shamimu mabega yalimtikisika ndani ya plastiki. Alikuwa msichana mwema. Akasema ameelewa, hata kwao Kilosa babu zake walikuwa hivyo, ila inambidi aandike kikohozi chenyewe kilivyo, kama ni kikavu au kina makohozi. Kinasikikaje?

"Hivi," akasema Anastasia, akakohoa mara moja. "Na hivi." Akakohoa mara mbili. Lakini hakuwa amezoea kuongea mbele ya watu akiwa na kitambaa mdomoni, na vumbi la jora la Mwajuma likamkwama kooni, akakohoa ya tatu, na ya nne, akainama, akashika magoti, akakohoa mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

Shamimu akangoja mpaka akamaliza. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Jina lako kamili, mama?"

Hapo ndipo Mzee Kasimiri humalizia hadithi yake. Gari linaondoka na wote wawili, mkwe mbele na mama mkwe nyuma, watu wanapiga vigelegele vya kejeli, na Rahel anaonekana kona ya mbali akija mbio huku mkono ukiwa tumboni. Wasikilizaji hufuta machozi. Anayetaka kujua yaliyofuata hakuna, kwa sababu walirudi, na mtu akirudi hakuna la kuuliza.

Waliwekwa kwenye bweni la shule iliyokuwa imefungwa, nje ya mji upande wa Kingolwira. Kwa kuwa walitoka nyumba moja, walipewa chumba kimoja. Anastasia alimwomba Shamimu amweke kokote kwingine, hata stoo. Shamimu akasema vyumba vyote vina watu na kanuni ni hiyo, familia moja chumba kimoja, ili wasiambukize wengine. Mlango ukafungwa kwa nje.

Vitanda vilikuwa viwili vya chuma, na kati yake nafasi ya kupita mtu mmoja. Anastasia akavua kanga yake ya juu, akaifunga kwenye vyuma vya chandarua, ikagawanya chumba. Upande wake ulibaki na dirisha. Upande wa Castory ulibaki na mlango na choo kidogo cha ndani. Kwa maneno mengine, palikuwa vilevile kama Kihonda, ila pamebanwa zaidi, na barazani pa kusimama hakuna.

Na kukohoa sasa kulikuwa mwiko. Kila asubuhi na kila jioni Shamimu alikuja kuuliza aliyekohoa ni nani, na aliyekohoa siku zake zilianza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo Castory alikosa njia ya kusema. Akawa hageuki kitandani kwa kuogopa chuma kisilie. Anastasia alilala akitazama ukuta, akimsikia mtu mzima akijizuia kupumua. Dirishani kulikuwa na milima ya Uluguru, wingu limeikalia mabegani, na mahali fulani nyuma ya wingu lile kulikuwa na nyumba yake. Alipoitazama sana ilimchosha, akageuka. Lakini akili yake haikukaa mlimani. Ilikuwa Kihonda. Nani amemtekea Rahel maji. Nani amemfunga mkanda tumboni. Mshono umefumuka au haujafumuka. Mtu unaweza kufungiwa mahali ukavumilia, lakini ufungiwe huku mwanao anakuhitaji ng'ambo ya mji, hilo lilimkaa kifuani kama jiwe la kusagia.

Chakula kilikuja kwenye sinia moja. Ugali mmoja, maharage bakuli moja, na kijiko kimoja, kwa kuwa ni familia. Shamimu alilisukuma sinia mlangoni, upande wa Castory, akaondoka.

Castory akalisogeza chini ya kanga mpaka upande wa mama mkwe. Anastasia akalitazama. Asingeweza kula kwanza na kumwachia mkwe mabaki yenye alama za vidole vyake, na asingeweza kuchovya bakuli ambalo naye atachovya. Akalisukuma kurudi. Likakaa huko kidogo. Likarudi. Likavuka mpaka ule mara kadhaa, likiburuzika sakafuni, hadi ugali ukapoa na kufanya ngozi, na Shamimu alipokuja akalikuta katikati, nusu huku nusu kule, halijaguswa. Jioni ikawa vilevile. Asubuhi yake uji ukarudi umejaa.

Shamimu akasimama mlangoni akiandika. Akasema kwa sauti, kama mtu anayejisemea, kwamba kukosa hamu ya kula ni dalili, tena dalili mbaya, na itabidi awaongezee siku wote wawili.

Mlango ukafungwa. Kisha, kutoka nyuma ya kanga, ikatoka sauti ambayo Anastasia hakuwahi kuisikia ikimwelekea yeye. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyofikiria.

"Mama, nisamehe. Nina njaa."

Anastasia akafunika mdomo. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko, na alipokisikia kicheko chake mwenyewe hakuweza kukirudisha. Ng'ambo ya kanga Castory naye akaanza kucheka, kicheko cha kujibana, mpaka kitanda kikalia.

"Hata mimi," Anastasia akasema.

Mchana sinia lilipokuja wakashauriana kama watu wanaogawana shamba. Castory akafunga macho, akaapa kwamba ameyafunga. Anastasia akainua ncha ya kanga, akaukata ugali katikati kwa mpini wa kijiko, akamimina nusu ya maharage juu ya kifuniko cha chupa kubwa ya chai iliyokuwa dirishani, akachukua fungu lake. Walikula kila mmoja uso ukutani, na kila mmoja alimsikia mwenzake akitafuna. Hakuna paa lililoanguka.

Baada ya hapo maneno yakaja yenyewe. Kwanza yalikuwa ya lazima. Mama, nanyanyuka. Mama, naenda kule, jifunike. Kisha yakawa ya kuua wakati. Castory alimuuliza Rahel alikuwa mtoto wa namna gani. Anastasia akamwambia alikuwa mwizi wa sukari, tena mwizi asiye na akili, anaiba na kuja kukubusu shavu na sukari mdomoni. Naye akamuuliza Castory marehemu mama yake alikufa kwa nini. Akamweleza. Alimweleza pia jinsi alivyojifunza kuchomelea, na jinsi macho yanavyouma usiku kama yametiwa mchanga ukitazama cheche bila kioo. Anastasia aligundua kwamba mkwe wake alikuwa mtu wa vichekesho, na kwamba alikuwa na kasoro moja, alianza kucheka kabla hajamaliza, hivyo nusu ya vichekesho vyake hakuna aliyewahi kujua mwisho wake. Kanga ilibaki palepale. Hakuna aliyeigusa. Lakini ilikuwa imekuwa nguo tu.

Ambacho hakumwambia ni hofu yake. Wala Castory hakusema. Ila kila walipotaja jina la Rahel wote walinyamaza baadaye kidogo.

Siku moja, kabla ya chakula, Shamimu alifungua mlango, akasema majibu ya Castory yamefika, hana ugonjwa, achukue vitu vyake. Castory akauliza ya mama. Shamimu akasema ya mama hayaonekani. Yawezekana yamebaki Dar es Salaam, au kichupa kilivunjika njiani, itabidi apimwe upya na kusubiri upya.

"Basi na mimi nasubiri," Castory akasema. "Siwezi kumwacha mama hapa peke yake. Watu watanionaje?"

Shamimu akasema hilo halimo kwenye kanuni. Castory akakaa kitandani, akashika vyuma vyake kwa mikono miwili. Akaanza kusema kwamba atakohoa, kama shida ni hiyo atakohoa sasa hivi.

Anastasia akaishika kanga, akaisogeza kando. Si sana. Kiasi cha kumwona.

"Castory," akasema. Hakuwa amewahi kulitamka jina lake. Siku zote alikuwa Baba Joyce, kwa jina la mtoto, au mkwe. "Mwanamke mwenye mshono yuko peke yake. Mimi sina mshono. Usinitie heshima ambayo itamwua mwanangu."

Castory akatazama sakafu. Akanyanyuka. Mlangoni alisimama, kisogo kikiwa kwake, kile kisogo alichokijua tangu zamani, akasema, "Nitakuja, mama." Shamimu akafunga.

Zilizofuata ndizo zilizokuwa siku ngumu kuliko zote. Chumba kilikuwa chake chote, na dirisha, na mlango, na choo kisicho na mtu wa kukwepwa, na alikaa palepale upande wake wa kanga. Sinia lilipokuja alikata ugali katikati kwa mazoea, akala nusu, nusu nyingine ikarudi, na Shamimu akaandika. Hakuifungua kanga. Alimuuliza muuguzi habari za binti yake, naye alikuwa hajui. Wingu likakaa mlimani. Mvua zikapungua. Majibu hayakuja. Kisha asubuhi moja Shamimu akafika bila lile vazi la plastiki, amevaa sare yake tu na viatu vyeupe, akafungua milango yote ya bweni mmoja baada ya mwingine, akawaambia watu waende nyumbani. Hakueleza sababu. Anastasia alimwona uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mwanya.

Rahel alimpokea njia panda na mtoto mgongoni. Alikuwa amekonda, lakini alitembea wima. Mshono ulikuwa umefunga. Castory ndiye aliyekuwa akiteka maji, akifua, akipika uji, akasema Rahel, na mtaa ulimcheka mpaka ukachoka. Anastasia akamshika binti yake tumboni pale pale barabarani, mbele za watu, akapapasa, akaridhika.

Walipofika nyumbani akaelekea barazani, lakini Rahel akamvuta mkono.

"Baba Joyce amesema upitie nyuma."

Wakazunguka. Kwenye ukuta wa chumba chake, pale ambapo upande wa ndani palikuwa na kitanda, palikuwa na mlango. Mlango wa chuma, mpya, umepakwa rangi ya kuzuia kutu tu, saruji ya kando ya fremu bado ina unyevu. Aliazima mashine ya kuchomelea kwa rafiki yake, Rahel akaeleza, na chuma alikipata kwenye geti ambalo mteja hakurudi kulichukua. Akautoboa ukuta mwenyewe. Choo kilikuwa palepale mbele yake. Sasa mama hatapata taabu tena. Ataingia na kutoka na mkwe hatajua.

Anastasia akausukuma, ukafunguka bila kelele. Ndani kitanda kilikuwa kimehamishiwa ukuta wa pili. Akakaa. Mwanga ulikuwa mwingi kuliko alivyozoea. Hiki ndicho kitu alichokuwa akikiomba siku zile zote akitazama ukuta ule, na kilikuwa kimetengenezwa vizuri, bawaba zimekaa sawa, pembe zimesuguliwa zisimkate mtu. Mkwe asingeweza kumheshimu zaidi ya hapo.

Akasikia viatu sebuleni. Vikaja, vikasimama. Hakukohoa, hapakuwa na haja tena ya kukohoa. Hakusema naingia wala nanyanyuka. Kochi likalia kidogo, kisha kimya. Alikuwa amerudi kuwa mkwe. Ndivyo inavyopaswa kuwa, Anastasia akajiambia, na kesho itakuwa hivyo, na mwaka kesho. Nje jirani mmoja alikuwa akinawa mikono kwa kelele.

Akanyanyuka, akasogea kwenye mlango wa ndani, ule wa zamani, akasimama bila kuufungua.

"Castory."

"Naam, mama."

"Mlango wako unakwangua."

"Unakwangua?" Kochi likalia. "Unakwangua wapi?"

"Chini. Kwenye kona. Unakwangua sakafu."

Castory akafikiri. Alikuwa fundi, na lilimuuma. Akasema alipima vizuri, lakini labda saruji imeshuka. Akasema kesho asubuhi atautazama, kama mama hatajali kukaa ndani kidogo wakati yeye yuko uani.

Mama akasema hatajali.

Asubuhi alikuja na tupa, akachuchumaa nje, mlango umeegeshwa kati yao. Anastasia alikaa chini upande wa ndani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, akichambua mchele. Castory akatafuta pale palipokwangua, akaufungua na kuufunga, akapitisha kidole chini, hakupaona. Hakuuliza. Akaanza kupiga tupa ukingo wa chini, polepole, huku akimhadithia habari za mteja mmoja wa Mazimbu aliyeagiza geti kubwa kuliko nyumba yake, na akacheka kabla hajafika mwisho, na Anastasia akamwambia arudie, safari hii amalize.